Kuku wa Mbalizi na Ini Langu

Kama unasoma haya kwa sababu daktari amekuambia, wewe au mtu wako, kwamba saratani imehamia kwenye ini, keti kwanza. Mimina chai. Mimi niliambiwa hivyo hivyo, na leo asubuhi nimetoka kupalilia mahindi nyuma ya nyumba yangu hapa Kihesa, ingawa nilipalilia mistari michache tu mgongo ukagoma. Sitakueleza ini linafanya kazi gani mwilini, hilo tuwaachie wenye makoti meupe. Nitakueleza nilivyoishi, na hasa nitakueleza habari za mzee mmoja na kuku wake. Maana ajabu ni kwamba nikiukumbuka ugonjwa ule, maumivu siyakumbuki sana. Nawakumbuka kuku, na siku zile ninazitamani.

Ulianzia kwenye utumbo. Nilipasuliwa mara ya kwanza hapa Iringa, msimu wa mahindi ya kuchoma, nikapona kiasi cha kurudi kwenye genge langu la nyanya na vitunguu. Kanisani nilitoa shukrani, kwaya ikaimba, nikadhani yamekwisha. Kiangazi kilipofika kipimo cha picha kikaonyesha madoa mawili kwenye ini. Daktari aliyaita madoa, kama vile nguo imemwagikiwa mchuzi. Mume wangu, Ambakisye, ni mwalimu wa shule ya msingi na huwa hakosi la kusema. Siku hiyo alilikosa. Tukaelekezwa Mbeya: kwanza dawa za dripu ili madoa yasinyae, halafu, yakisinyaa, kisu.

Hapo likazuka jambo jingine. Mbeya hatukuwa na pa kufikia isipokuwa Mbalizi, kwa baba mkwe.

Mimi ni Mhehe. Kwetu nako mkwe anaheshimiwa, lakini Wanyakyusa wa zamani, watu wa mume wangu, walilishika jambo hili kwa mikono miwili. Mke wa mwana hamtazami baba mkwe usoni. Hakai naye chumba kimoja, hapishani naye njiani, wala hatamki jina lake. Vijana wa leo wameyaacha hayo, wanapiga picha na wakwe zao wamekumbatiana. Lakini mzee wangu alikuwa wa zamani, na mimi nilifundwa na marehemu mama mkwe, mwanamke ambaye kosa lako alilikumbuka kuliko tarehe ya kuzaliwa kwake. Kwa hiyo tangu niolewe nilimjua baba mkwe kwa visigino vyake na kwa kikohozi chake. Mwanangu wa kwanza alipopewa jina la babu yake, mimi mama mzazi nikabaki kumwita "Babu" tangu akiwa kwenye nepi. Sasa ni dereva wa lori, ana ndevu, na bado namwita Babu. Majirani wananiita mama wa fulani, na huyo fulani mwenyewe siwezi kumtaja. Kuishi kwingi ni kuona mengi.

Pale Mbalizi mzee alikuwa mjane, akiishi na binti yake Tusekile, wifi yangu, anayeuza mchele sokoni. Mume wangu alinifikisha, akarudi Iringa kufundisha. Tusekile aliondoka alfajiri na kurudi jioni. Mchana kutwa nyumba ikabaki na watu wawili ambao hawaruhusiwi kuonana. Mzee akitaka kutoka chumbani alikohoa na kugonga fimbo kwenye mlango, nami nikajifungia. Nikitaka kwenda bafuni uani, niligonga sufuria kwa kijiko, naye akaenda mbele kutazama barabara. Mgeni angepita angedhani tunafukuza nyani.

Dripu ya kwanza niliwekewa mvua za kupandia zilipoanza. Chumba cha kusubiria kilikuwa na mabenchi marefu na dirisha lisilofunga vizuri, na ukungu wa Mbeya uliingia kama ndugu wa familia. Tulisogeleana. Mama mmoja wa Rungwe alikuja kila mara na maparachichi kwenye kikapu, akayagawa hata kwa wale ambao hawakuweza kula, wayashike tu mkononi, anasema mkono nao unahitaji kitu. Ukienda huko usikae peke yako mwisho wa benchi. Kaa katikati, hata kama hujisikii kuongea.

Mwili ulibadilika. Maji yalikuwa na ladha ya kijiko cha chuma. Nywele ziliondoka zikiwa kwenye kitana, na nyusi zikafuata. Nyayo zilikufa ganzi hata nikawa siujui udongo ninaoukanyaga, na hilo liliniuma kuliko nywele, maana mimi nimekulia Idodi nikitembea peku nyuma ya baba yangu kwenda kugema ulanzi, pombe ya mianzi, na nyayo zangu zilikuwa zinaijua njia kuliko macho.

Baada ya dripu ya pili nilikuwa nimelala, dirisha wazi, nikasikia kigoda kinaburutwa kibarazani chini ya dirisha langu. Mtu akakaa. Akakohoa.

"Ninyi kuku," sauti ikasema, "mgonjwa amekula?"

Nikadhani uzee umemfika kichwani, maskini.

"Nauliza, kuku. Tusekile ameacha uji kwenye chupa. Umenyweka?"

Hapo nikaelewa. Nikajitupia kanga kichwani ingawa alikuwa amenipa mgongo na ukuta ulikuwa katikati yetu. Nikasema, "Kuku, mwambieni mwenye mji kwamba uji umenyweka nusu. Nusu umerudi."

"Hata hawa wanakula nusu, nusu wanachakura tu. Na wanaishi." Kisha akashukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga," akaondoka na kigoda chake.

Kesho yake akarudi, na siku zilizofuata. Ndivyo tulivyoanza kuzungumza, mimi na mkwe wangu, baada ya umri wote ule. Hakuvunja mila hata kidogo, aliipitia uani. Kuku walikuwa wachache, wa kienyeji, na jogoo mmoja mwenye upanga mwekundu kichwani ulionyooka kama kofia ya askari. Kupitia kwao nilijua kwamba mzee alipokuwa kijana alifanya kazi relini, akalala kwenye mahema porini, na kwamba mara ya kwanza kumwona marehemu mama mkwe alikuwa amebeba mkungu wa ndizi kichwani huku anamtukana mtu. "Kuku, nilisema hapo hapo, huyu ndiye." Nami nikawaambia kuku habari za Idodi, tembo walivyokuwa wakitoka mbugani kula mahindi yetu, na baba alivyokuwa akikata ncha ya mwanzi asubuhi na jioni wakati wa mvua, ulanzi ukitona polepole ndani ya kibuyu, nasi watoto tukinyweshwa ule mbichi, mtamu, usiolevya.

"Kuku, huo ulanzi ni mzuri kuliko maziwa ya mgando?"

"Kuku, mwambieni asilinganishe mbingu na nchi."

Nilimsikia anacheka kwa pua. Siku zile nilikuwa mgonjwa kuliko nilivyowahi kuwa, na ndizo ninazozililia.

Mvua zilipokolea nilianguka. Nilikuwa natoka bafuni, ile ganzi ya miguu, tope, nikaenda chini pale uani na kanga yangu ikaenda upande wake. Nikajaribu kuinuka nikashindwa. Mvua ikaninyeshea usoni.

Kutoka kibarazani nikasikia, "Kuku, nani ameanguka?"

Nikalia. "Kuku, ni mimi."

Hakuja mara moja. Najua alichokuwa anakipima, maana na mimi nilikuwa nakipima. Kisha nikasikia fimbo inatupwa, na visigino vinakuja mbio. Lile koti lake kubwa la baridi likanifunika mwili mzima, kichwa na uso pia, nikawa gizani, ndani ya harufu ya moshi na tumbaku. Akaniinua. Alikuwa mzee wa kutembelea fimbo, sijui nguvu alizitoa wapi. Alinipeleka hadi kitandani nikiwa nimefunikwa hivyo hivyo, akatoka bila neno, koti akaliacha.

Siku iliyofuata kigoda hakikuburutwa. Wala iliyofuata. Nilisikia kuku wanachakura peke yao. Nikaona aibu iliyonila kuliko dawa, nikaamini kwamba nimemvunjia mzee heshima aliyoitunza maisha yake yote, na kwamba ni heri nife kuliko kurudi kwenye dirisha lile. Nikaanza kumwambia Tusekile kwamba nataka kwenda kwetu.

Katikati ya hayo vipimo vikatoka. Madoa yamesinyaa. Daktari wa upasuaji akasema sehemu ile ya ini inaweza kukatwa, lakini asitudanganye, ni upasuaji mkubwa, na wapo wasioamka. Mume wangu akapiga simu kila mahali. Mwisho wa juma wakakusanyika sebuleni Mbalizi: mume wangu, kaka yake Lusekelo, Tusekile, na kaka yangu kutoka Idodi, ambaye alisafiri na debe la asali. Mzee alikuwa kwenye kiti chake. Mimi nilikuwa chumbani nyuma ya pazia, kama mila inavyotaka.

"Jamani, la kuvunda halina ubani," alianza shemeji Lusekelo. "Ini siyo figo, kwamba yako mawili. Wakishakata, mtu anabaki na nini?"

Kaka yangu akasema, "Mimi naomba nirudishiwe dada yangu akapumzike nyumbani. Akifia mezani huku, mama nitamwambiaje? Asife ugenini."

"Huku ni ugenini?" Tusekile aliruka. "Mimi ninayemwogesha ni mgeni?"

"Sijasema hivyo, shemeji."

"Umesema!"

Mume wangu hakusema kitu. Nilimsubiri aseme. Nilikuwa nimemkasirikia muda mrefu kwa ule ukimya wake, na wakati ule nyuma ya pazia nilimchukia kabisa. Nikajisemea wakiamua nirudi nyumbani, nitarudi. Nilikuwa nimechoka. Kufa kwetu, karibu na mianzi ya baba, hakukuonekana kubaya.

Fimbo ikagonga sakafu.

"Hii ini ni ya nani?" mzee akauliza.

Fimbo ikagonga tena.

"Nauliza. Hii ini mnaigawana kama nyama ya harusi. Mwenyewe mmemuuliza?"

"Baba," mume wangu akasema taratibu, "lakini wewe uko hapa. Hawezi kusema mbele yako."

"Mimi nitageuka."

Nikasikia miguu ya kiti inakwaruza sakafu, kiti kizito cha mninga, kikizungushwa hadi kikatazama ukuta. Kisha akasema, siyo kwa kuku, siyo kwa mtu mwingine yeyote, "Mama, sema."

Hakuwahi kuniita. Nikafungua mdomo nikidhani nitasema nirudisheni Iringa, na maneno mengine yakatoka.

"Naogopa," nilisema. "Naogopa sana. Lakini nataka kuishi. Nikatwe."

"Mmesikia," mzee akasema, na mkutano ukaisha. Baadaye mume wangu aliingia chumbani, akapiga magoti kando ya kitanda akalia kama mtoto. Akaniambia kwamba alinyamaza kwa sababu lolote ambalo angelisema, nikifa, angekuwa yeye ndiye aliyeniua. Nilimshika kichwa. Wewe unayesoma, kama mwenzako amenyamaza, usifanye haraka kudhani hajali. Muulize. Mimi nilipoteza miezi mizima kwa kutomuuliza.

Kesho yake kigoda kikaburutwa.

Tukaendelea hivyo hadi ukaingia msimu wa baridi, ile baridi ya Mbeya inayoganda kwenye majani. Siku ya mwisho kabla ya kulazwa alikuja mapema.

"Kuku, nasikia eti ini inaota tena."

"Kuku, daktari amesema huota, kama kimebaki kipande cha kutosha."

"Kama mgomba."

"Kama mgomba, kuku."

Mnyakyusa ukimtajia mgomba umemtajia kitu anachokijua. "Basi wakate," akasema. "Lakini waache shina."

Watu wengi nimewasikia wakilalamika kwamba maneno ya fulani yamewakata maini. Mimi nilikatwa kwa kisu, na nakuambia afadhali kisu, maana wanakulaza kwanza. Ninachokikumbuka cha mwisho ni taa kubwa na muuguzi aliyenishika kidole gumba. Niliporudi, kulikuwa na mrija puani, mrija ubavuni, na tumbo langu lilikuwa si langu. Koo kavu. Muuguzi kijana, mpole sana, aliniinamia kuhakikisha akili imerudi.

"Mama, unaitwa nani?"

Nikamwambia.

"Vizuri. Uko wapi?"

"Mbeya. Hospitali."

"Safi kabisa. Mwanao wa kwanza anaitwa nani?"

"Babu," nikasema.

"Hapana, mama. Si babu. Mtoto wako."

"Ndiyo. Babu."

Akabadilika uso. "Mama, tulia, nitauliza tena. Uliyemzaa wewe. Jina lake?"

"Babu!" Nilikuwa nakasirika, na kukasirika kulivuta mshono. Akaondoka kwa haraka, nikamsikia akimwambia mwenzake mlangoni amwite daktari, mgonjwa amechanganyikiwa, anasema amemzaa babu yake. Tusekile akalazimika kuja kueleza mila za ukoo mzima mbele ya daktari. Na hapo, kutoka kwenye benchi la korido, nikasikia kicheko. Si cha pua. Kicheko kizima cha mzee, kinachokata pumzi, kikaendelea hadi watu wengine wakaanza kucheka bila kujua sababu. Tusekile aliniambia alikuwa amekaa pale tangu waliponiingiza, uso ukutani, hakula, na kila mlango ulipofunguka alifumba macho. Alikuwa amenipa mgongo siku nzima ili awe karibu nami.

Kupona kulikuwa polepole, nisikudanganye. Ngozi iliwasha, macho yakawa ya manjano kwa muda, na kovu langu limepinda kama mpini wa jembe uliovunjika. Usiku nilihesabu kwikwi. Mume wangu alikuja kila alipopata nafasi, akajifunza kupika uji wa ulezi usio na madonge, na siku ya kwanza alipolitazama kovu hakugeuka. Mzee alinipa fimbo yake. Alisema, "Kuku, hii imenichosha, mwingine aitembelee." Nikatembea nayo uani, yeye akiwa mbele anatazama barabara, mpaka siku niliyozunguka nyumba nzima bila kuegemea ukuta.

Nilirudi Kihesa mijakaranda ikiwa na maua. Wakati naondoka, Tusekile alipakia tenga kwenye gari, ndani yake mtetea mmoja na yule jogoo wa upanga, ndio pekee waliokuwa wamebaki. "Baba amesema hawa wameshajua habari zako zote, hawezi kubaki nao," aliniambia. Nilitaka kuaga. Nikasimama upande wangu wa ukuta, yeye upande wake, na kuku wote wawili walikuwa ndani ya gari. Hatukuwa na wa kupitishia. Nikakohoa. Naye akakohoa.

Alifariki mvua zilipokuwa zinakata, usingizini, bila kumsumbua mtu. Tulikwenda. Walipofungua jeneza ili watu waage, wakwe wa kike tulipewa nafasi mwishoni, na mimi nikainua macho nikamtazama usoni kwa mara ya kwanza. Alikuwa na pua ya mwanangu. Miaka yote nimeishi na pua ile nyumbani kwangu nikiikamua kamasi, sikujua ilikotoka. Nililia hadi wanawake wa Mbalizi wakaulizana yule Mhehe ana nini, mkwe tu huyo. Jina lake halikunitoka hata pale. Ulimi uliozoeshwa hauachi kwa siku moja.

Mwezi uliopita nilikwenda Mbeya kwa kipimo. Nilikaa kwenye benchi lile lile, katikati, nikiwa na kikapu cha maparachichi. Daktari aliitazama picha kwa muda mrefu, nikawa nasoma nyusi zake. Kisha akasema hakuna doa jipya, na kwamba ini limejaza pale lilipokatwa, zuri, kama halijawahi kuguswa. Akasema nirudi tena baadaye, maana ugonjwa huu hauagwi, unaangaliwa. Nikamshukuru.

Nilifika Kihesa mchana. Mume wangu alikuwa mlangoni mwa jiko akiwa na mwiko mkononi, akinisoma usoni. Nilimwonyesha kwa mkono asubiri kidogo. Nikaenda kwanza uani, nikavuta kigoda, nikakaa. Jogoo alikuja na upanga wake, mtetea nyuma yake, na vifaranga vilivyoanguliwa hapa hapa Iringa. Mume wangu akaelewa. Akageuka, akatazama ukuta.

"Kuku," nikasema, na ulimi ukakataa, nikaulazimisha. "Kuku, mwambieni Mzee Gwakisa, limeota."